Seva ya Majaribio Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vifaa kwa Aliyeko Tabora

Wanaoshindwa kuendesha mashine pepe nyumbani hapa Tabora hushindwa karibu wote kwa njia moja. Hununua kompyuta kwanza, kwa kuwa ina stika ya i7 au kwa kuwa muuzaji ameapa kwamba imetoka ofisini na haijachoka, kisha ndipo huanza kuuliza itabeba nini. Haupiti muda mrefu kabla mashine pepe ya tatu haijakataa kuwaka kwa sababu RAM imekwisha, au diski haijafa kwa kukatikiwa na umeme, au mwenye nyumba hajaanza kulalamika kwamba uniti za LUKU zinayeyuka.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: mahitaji kwanza, kisha umeme, umbo la mashine, RAM na diski; prosesa, ambayo wengi huanza nayo, inakuja baada ya hayo yote. Mashine pepe ni kompyuta kamili inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, na programu inayozigawia mashine hizo RAM, diski na mtandao ndiyo haipavaiza, kama vile Proxmox VE, XCP-ng, Hyper-V au ESXi. Mifano mingi hapa ni ya Proxmox VE, kwa sababu haidai malipo ili kutumika, imejengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, na KVM, teknolojia ya mashine pepe iliyo ndani ya Linux, na haichagui sana vifaa.

## Vya kuandaa

- Karatasi na kalamu. Hatua ya kwanza haihitaji kitu kingine.
- Kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, ambayo utaichagua kwa kufuata hatua zilizo hapa chini.
- RAM ya kutosha, aina inayoingia kwenye mashine hiyo.
- SSD ya GB 500 au TB 1, na diski ya pili, hata ya kuzunguka, kwa ajili ya nakala za akiba.
- UPS ya VA 650 au zaidi yenye poti ya USB ya kutoa taarifa, pamoja na kebo yake.
- Flashi mbili: moja ya Ubuntu inayowaka bila kusakinishwa, nyingine ya Memtest86+, programu ya kupima RAM. Moja kati ya hizo utaitumia baadaye kwa Proxmox.
- Ruta, na kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6.
- Monita na kibodi vya kuazima kwa siku ya kusakinisha. Baada ya hapo havihitajiki.
- Betri ndogo ya CR2032, brashi laini na pesti ya prosesa.

## Hatua ya 1: Andika utakachoendesha

Usifungue tangazo lolote la kompyuta kabla ya kumaliza hatua hii. Orodhesha mashine pepe zitakazowaka kwa wakati mmoja, na mbele ya kila moja andika RAM na nafasi ya diski inayohitaji.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa TEHAMA anayejifunza usimamizi wa mifumo. Anahitaji Windows Server moja ya kusimamia domeni (kundi la kompyuta za Windows zinazosimamiwa pamoja), GB 4; Windows ya mtumiaji wa kawaida, GB 4; Linux mbili, moja ya tovuti na moja ya hifadhidata, GB 2 kila moja; na ukuta wa moto kama OPNsense, GB 2. Jumla ni GB 14. Proxmox yenyewe inataka takriban GB 2, kwa hiyo mashine yenye GB 16 imejaa siku ileile ya kwanza, kabla mwanafunzi huyo hajapata wazo la kuongeza hata mashine moja. Anatakiwa kulenga GB 32.

Angekuwa amechagua ESXi 8, hali ingekuwa ngumu zaidi, kwa sababu mfumo huo unadai RAM isiyopungua GB 8 kabla ya mashine pepe yoyote kuwaka. Isitoshe, Broadcom, kampuni inayoimiliki, iliondoa toleo la bure la ESXi mwanzoni mwa mwaka 2024, ikalirudisha Aprili 2025. Kwa mtu anayejenga kwa pesa yake mwenyewe, sioni sababu ya kuegemea kitu kinachoondolewa na kurudishwa namna hiyo, isipokuwa kama kazini kwake ndicho kinachotumika.

Kwa upande wa diski, hesabu GB 60 kwa kila Windows na GB 20 kwa kila Linux, kisha zidisha jumla mara mbili ili upate nafasi ya snapshoti (hali ya mashine iliyohifadhiwa ili uirudie ukikosea) na ya mashine utakazozifuta na kuziunda upya.

Umefaulu ukiwa na: namba mbili kwenye karatasi, ya RAM na ya diski. Namba hizo ndizo utakazokwenda nazo sokoni, hata muuzaji akusifie kitu gani.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua seva nyingi. Seva haiwashwi jioni na kuzimwa usiku kama televisheni. Inawaka saa 24, na kila wati inayokula inahesabiwa mwezi mzima.

Hesabu ni nyepesi. Zidisha wati kwa saa 24, gawanya kwa 1,000 upate uniti za siku, kisha zidisha kwa 30. Kompyuta ndogo ya ofisini inayokula wati 25 ikiwa imetulia itatumia uniti 0.6 kwa siku, sawa na uniti 18 kwa mwezi. Seva kuukuu ya kwenye raki yenye prosesa mbili, kama Dell PowerEdge R710 au HP ProLiant DL380 ya miaka ileile, inaweza kula wati 150 hata kama haifanyi kazi yoyote ya maana. Hiyo ni uniti 108 kwa mwezi.

Tofauti hiyo si ya uniti 90 tu. Nyumba iliyo katika kundi la D1, la TANESCO la wenye matumizi madogo, hupata bei ya chini kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti zinazovuka hapo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Seva ya raki peke yake, kabla ya taa, feni na friji, imekwisha kuitoa nyumba nzima kwenye bei hiyo. Ndiyo maana seva hizo huuzwa rahisi: bei yake halisi unailipa kidogo kidogo kupitia LUKU.

Tahadhari: maandishi ya TDP kwenye prosesa, kama wati 35 au 65, yanahusu joto ambalo feni inapaswa kuliondoa prosesa ikiwa kazini, hayakuambii mashine nzima itakula kiasi gani ikiwa imetulia. Ukitaka kujua matumizi halisi na huna kipimo cha wati, zima kila kitu nyumbani isipokuwa mashine hiyo, soma mita, iache saa kadhaa, kisha soma tena.

### UPS na namna seva inavyozimwa

Umeme kukatika ghafla hakuharibu vifaa kila mara, lakini huharibu data kwa urahisi, hasa hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika. UPS haikusudiwi kuendesha seva usiku kucha. Kazi yake ni kuipa muda wa kuzima mashine pepe moja baada ya nyingine kwa utaratibu.

UPS ya kawaida ya VA 650 hubeba betri ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84. Ukitoa upotevu na ukakumbuka kwamba betri haitakiwi kumalizwa kabisa, hesabu nusu yake, Wh 42. Seva ya wati 25 na ruta ya wati 10 zitapata saa moja na dakika chache, betri ikiwa mpya. Seva ya wati 150 haitapata hata dakika ishirini.

Hakikisha UPS ina poti ya USB ya taarifa, wala usidanganywe na poti ya USB ya kuchajia simu. Kupitia poti hiyo programu ya Network UPS Tools, maarufu kama NUT, husoma hali ya betri na kuamuru seva izimike chaji inapofika chini. UPS isiyo na poti hiyo itakaa kimya hadi betri iishe, na seva itakatika ghafla vilevile, ila kwa kuchelewa.

Kuna jambo moja dogo ambalo huwasumbua wengi. Wanaweka BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, iiwashe mashine umeme unaporudi, kisha wanashangaa kwamba seva iliyozimwa na NUT haiwaki tena. Sababu ni kwamba UPS iliendelea kutoa umeme muda wote, kwa hiyo kwa upande wa mashine umeme haukuwahi kukatika wala kurudi. Dawa yake ni kuiagiza NUT iizime na UPS yenyewe mara seva inapomaliza kujizima. Umeme wa TANESCO ukirudi, UPS inawaka, na BIOS inaona umeme mpya.

Wanaotumia sola wachague inveta ya wimbi kamili la sine. Pawasaplai za kisasa za kompyuta za mezani hazipatani na baadhi ya UPS na inveta za bei ya chini zenye wimbi la kuigiza, na mashine inaweza kuzimika pale tu inapohamia kwenye betri.

### Radi na ethi

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za Tabora huja na radi. Soketi ya matundu matatu haithibitishi kwamba nyumba ina ethi. Katika nyumba nyingi tundu la tatu halijaunganishwa na kitu. Mwite fundi umeme aipime kabla hujachomeka UPS, kwa sababu kinga ya umeme mkubwa iliyo ndani ya UPS hutegemea ethi. Na kama una kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya nje, ichomoe mawingu yanapofunga, kwani radi hupita humo bila kugusa UPS hata kidogo.

Umefaulu ukiwa na: idadi ya uniti kwa mwezi ambayo wenzako nyumbani wameikubali, UPS yenye poti ya taarifa, na ethi iliyopimwa.

## Hatua ya 3: Chagua umbo la mashine

Kwa hesabu ya hatua iliyotangulia, seva ya raki imeondoka. Zimebaki njia tatu.

Ya kwanza, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, ni kompyuta ndogo ya ofisini ya ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk 800 Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Hutumia umeme kidogo, haina kelele, na zipo nyingi kwenye soko la vilivyotumika. Upungufu wake ni nafasi: kwa kawaida ina sloti mbili za RAM, nafasi ya SSD moja ya M.2 (kadi nyembamba inayochomekwa kwenye bodi) na moja ya inchi 2.5.

Ya pili ni toleo la SFF la familia hizohizo, lenye umbo la kisanduku chembamba. Linapokea diski kubwa na kadi ya ziada ya mtandao. Lichague kama orodha yako inataka diski zaidi ya mbili au poti nne za mtandao.

Ya tatu ni kompyuta mpakato, hata iliyovunjika kioo. Ina betri yake ya ndani, na kwa mtu asiye na pesa ya UPS hilo si jambo dogo. Lakini RAM za mpakato nyingi za kisasa zimelehemiwa na haziongezeki, na betri inayokaa kwenye chaji miezi mingi hukaribia kuvimba. Ukichukua njia hii, weka kikomo cha chaji kwenye BIOS, kama kipo, na ukague betri kila mwezi.

Tahadhari kwa Dell: adapta zake hutambuliwa na mashine, na ukichomeka ya bandia isiyotambuliwa, mashine huonya wakati wa kuwaka kisha hupunguza kasi ya prosesa kwa kiwango kikubwa. Mtu anaweza kulaumu prosesa mwezi mzima kumbe tatizo liko kwenye waya.

## Hatua ya 4: RAM

Prosesa yenye viini (cores) vinne inaweza kugawiwa mashine pepe zenye jumla ya viini kumi na viwili bila shida, kwa kuwa muda mwingi mashine hizo zimekaa zikisubiri. RAM haikubali kugawanywa hivyo. GB 4 uliyoipa Windows inashikwa na Windows, na mbinu za kuirudisha zinasaidia kidogo tu.

Kabla ya kununua, thibitisha mambo manne kuhusu mashine uliyoilenga.

Kwanza, aina. Kompyuta ndogo za Micro, Mini na Tiny hutumia RAM fupi za mpakato, SODIMM. SFF na za mnara hutumia ndefu. Kizazi cha 8 cha Intel katika mashine hizi hutumia DDR4, lakini cha 6 kina mashine za DDR4 na nyingine za DDR3L, na hizo mbili haziingiliani.

Pili, kikomo. Baadhi ya mashine za sloti mbili za kizazi cha 8 hupokea hadi GB 64, yaani vipande viwili vya GB 32. Soma mwongozo wa modeli husika badala ya kumsikiliza muuzaji.

Tatu, usinunue RAM ya seva aina ya RDIMM kwa sababu ni rahisi. Haifanyi kazi kwenye bodi za kompyuta za kawaida, hata pale ambapo umbo lake linafanana na la RAM ndefu.

Nne, mpangilio wa ununuzi. Kama pesa haifikii GB 32, nunua kipande kimoja cha GB 16 na uache sloti moja wazi. Vipande viwili vya GB 8 vina kasi kidogo zaidi, lakini siku ya kuongeza itakubidi uvitoe vyote viwili, na RAM iliyotolewa huuzwa kwa hasara.

Wanaotaka kutumia ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski, wajue kwamba mfumo huo huchukua RAM kama akiba ya kusomea. Matoleo mapya ya Proxmox, kuanzia 8.1, huiwekea kikomo cha asilimia 10 ya RAM wakati wa kusakinisha, lakini ya zamani yaliruhusu hadi nusu. Kwa mashine ya GB 16 yenye diski moja, ext4 pamoja na LVM-thin, mpangilio wa kawaida wa Proxmox, inatosha.

Umefaulu ukiwa na: modeli, aina ya RAM, idadi ya sloti na kikomo chake, vyote vimeandikwa chini ya namba za hatua ya kwanza.

## Hatua ya 5: Diski

Mashine pepe tano zinazosoma diski moja ya kuzunguka zitasubiriana hadi ukate tamaa. SSD ni lazima. Ya NVMe, yenye njia ya kasi zaidi, ni bora, lakini hata ya SATA, yenye kasi ya chini, inatosha kwa majaribio.

Kuwa mwangalifu na umbo la M.2: SSD za NVMe na za SATA zinafanana kwa macho, na kuna mashine zinazopokea aina moja tu. Uliza modeli kamili ya SSD, usiulize umbo.

Chagua zenye seli za TLC (biti tatu kwa seli) badala ya QLC (biti nne, ambazo huchakaa mapema) pale unapoweza, kisha linganisha TBW, yaani kiasi cha data ambacho mtengenezaji anakubali kiandikwe katika maisha ya diski. Haipavaiza huandika kumbukumbu za matukio muda wote, hata usipoigusa. Usisakinishe Proxmox kwenye flashi, itakufa mapema.

Kama SSD imetumika, washa mashine kwa flashi ya Ubuntu, sakinisha smartmontools, kisha andika:

sudo smartctl -a /dev/nvme0

Tazama mstari wa Percentage Used. Ukiona 5 au 10, ni sawa. Ukiona 80, achana nayo. Kwa diski ya SATA andika /dev/sda badala yake, na uangalie Reallocated_Sector_Ct. Kwa diski ya kuzunguka angalia pia Current_Pending_Sector. Zote zinatakiwa ziwe sifuri.

SSD mpya zisizo na jina na zenye bei ya kushangaza zina hila nyingine: huonyesha TB 1 wakati ndani kuna sehemu ndogo tu ya hiyo. Programu ya f3 huijaza diski yote na kuisoma tena, na ndiyo njia ya uhakika ya kuifichua. Kipimo hicho kifanye kabla ya kuweka data yoyote.

Diski ya pili iwe ya nakala za akiba, hata kama ni ya kuzunguka ya USB. Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ili ziandike data ileile hazihesabiki kuwa akiba: ukifuta mashine pepe kwa bahati mbaya, imefutwa kote kuwili.

## Hatua ya 6: Prosesa

Sasa uamuzi umekuwa mwepesi, kwa kuwa mashine zinazokidhi hatua zilizopita zimebaki chache. Unahitaji Intel yenye VT-x na EPT, au AMD yenye AMD-V, ambavyo ni vipengele vya prosesa vya kuendesha mashine pepe. Karibu kila Core i5 ya miaka kumi iliyopita inazo. VT-d, au AMD-Vi kwa upande wa AMD, inahitajika tu kama unataka kuikabidhi kadi nzima ya mtandao au ya picha kwa mashine pepe moja.

Prosesa za Intel zenye herufi T mwishoni kwa kawaida zina TDP ya wati 35, na ndizo utakazozikuta kwenye mashine ndogo. Core i5-6500T ina viini vinne. I5-8500T ina viini sita. I7-8700T ina viini sita na nyuzi (threads) 12. Kwa orodha ya mwanafunzi wetu, i5-8500T inatosha na kubaki, na tofauti ya bei kati yake na i7 ingekuwa bora iende kwenye RAM.

Kwa wanaong'ang'ania ESXi: kuanzia kizazi cha 12, prosesa nyingi za Intel zina viini vya aina mbili tofauti, na ESXi huanguka na kuonyesha skrini ya zambarau inapovikuta, hadi ubadilishe mpangilio wa kernel, yaani moyo wa mfumo huo. Kizazi cha 8 hadi cha 10 hakina usumbufu huo.

## Hatua ya 7: Mtandao

Usitegemee Wi-Fi kwa seva. Mashine pepe hutoka mtandaoni kupitia daraja (bridge) ndani ya seva, kila moja ikiwa na anwani yake ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao, na ruta nyingi hukataa anwani zaidi ya moja kutoka kwa kifaa kimoja cha Wi-Fi. Matokeo yake ni mashine pepe zisizopata IP, na mtu anayetafuta kosa mahali ambapo halipo. Tumia kebo.

Kadi ya Realtek inatosha kwa Proxmox. Kwa ESXi tafuta Intel, kwa sababu matoleo ya 7 na 8 hayaitambui Realtek ya kawaida iliyo kwenye bodi, na usakinishaji hukwama kwa ujumbe kwamba hakuna kadi ya mtandao.

Poti moja inatosha kuanza. Mitandao ya majaribio inaundwa ndani ya haipavaiza kwa madaraja yasiyofungwa kwenye poti yoyote, na mashine ya OPNsense inakaa katikati.

Kwa kuwa wengi wetu tunatumia bando la simu, panga upakuaji. Faili la kusakinishia Windows Server peke yake hufikia GB 5 hivi. Lipakue penye intaneti ya uhakika, chuoni au ofisini kwa ruhusa, kisha lilete kwa flashi. Ukishakuwa na Linux kadhaa, sakinisha apt-cacher-ng kwenye mojawapo: sasisho linashushwa mara moja, na nyingine zinalichukua hapo bila kugusa bando.

## Hatua ya 8: Nunua

Mashine nyingi zitatoka Kariakoo na kufika kwa basi, na kurudisha iliyo mbovu kunagharimu nauli ya mzigo mara mbili pamoja na mabishano. Kwa hiyo maswali yote yaishe kabla ya kutuma pesa. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za kazi, kaka. Naomba picha ya skrini ya BIOS inayoonyesha modeli, prosesa na RAM. Picha ya ndani mfuniko ukiwa wazi. Na picha ya adapta upande wenye maandishi. Naomba pia video fupi ukiingia BIOS na kubadilisha mpangilio wowote, nijue kwamba haina nywila."

Ombi la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Mashine za ofisini mara nyingi hufungwa BIOS kwa nywila ambayo muuzaji haijui, na bila kuingia humo huwezi kuwasha VT-x kama imezimwa. Muuzaji akikataa kutuma video hiyo, tafuta mwingine.

Mashine ya mnara ifungwe kwenye boksi lenye sponji pande zote, na kadi yoyote nzito itolewe na kufungwa kando. Barabara ni ndefu, na sloti huvunjika.

## Hatua ya 9: Pokea na upime

Fanya vipimo hivi kabla ya kusakinisha chochote, muuzaji angali anakukumbuka.

1. Fungua mfuniko, ondoa vumbi kwa brashi, badilisha betri ya CR2032. Betri iliyokufa hurudisha saa nyuma, na domeni ya Windows hukataa mashine ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano.

2. Ingia BIOS, washa VT-x na VT-d, au SVM kwa AMD (ndilo jina la AMD-V humo), na uweke mashine iwake umeme unaporudi.

3. Washa Memtest86+ na uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM hiyo. Usijishawishi kwamba ni dogo.

4. Washa Ubuntu na uandike amri ya lscpu | grep Virtualization. Jibu liwe VT-x au AMD-V. Kama halitoki jibu, rudi kwenye namba 2.

5. Sakinisha stress-ng na lm-sensors, endesha stress-ng --cpu 0 --timeout 30m, na utazame joto kwa amri ya sensors. Fanya hivyo mchana. Chini ya digrii 80 ni vizuri. Ikivuka 90, badilisha pesti ya prosesa na usafishe feni. Mashine inayopita kwa shida mwezi wa Juni haitaivuka Oktoba.

Mahali pa kuiweka pawe juu ya meza au rafu, mbali na sakafu, na matundu yake yasitazame ukuta. Vumbi la kiangazi hapa ni jingi. Fungua na usafishe kila mwezi hadi mvua zianze. Kuifunika kwa kitambaa ili vumbi lisiingie ni kuizibia hewa.

Sasa sakinisha Proxmox, fungua ukurasa wake kwa kompyuta nyingine kupitia https, IP ya seva na poti 8006, na uunde mashine pepe ya kwanza. Zipe mashine zako mpangilio wa kuwaka kwa kupishana, ile ya domeni ikitangulia, ili zisigombanie diski umeme unaporudi.

Kisha chomoa UPS ukutani, kwa makusudi, mashine pepe zote zikiwa zinafanya kazi. Subiri hadi NUT ianze kuzima. Mashine zikizimika zenyewe kwa zamu, seva ikafuata, na vyote vikarudi ulipochomeka tena bila wewe kugusa kitufe, vifaa ulivyochagua vinafaa kubeba kazi.

Baada ya hapo acha kufikiria kununua kitu kwa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, fungua ukurasa wa muhtasari wa Proxmox. Kama swap, yaani sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa, inatumika kila siku, jaza ile sloti ya pili. Kama RAM ipo lakini IO delay (muda wa kusubiri diski) inapanda kila mashine zinapofanya kazi pamoja, badilisha SSD. Ni pale tu matumizi ya prosesa yanapokaa juu ya asilimia 80 kwa saa nyingi ndipo inafaa kuanza kutafuta mashine nyingine.